Nyuzi 96 si kosa

Chemsha maji Mabamba, Kibondo, uchovye kipimajoto: hakitafika nyuzi 100. Nyanda za Kibondo na Kasulu kwa sehemu kubwa ziko juu ya mita 1,200, na kwa kila mita 300 hivi unazopanda, kiwango cha mchemko hushuka kwa nyuzi moja. Kitasimama karibu na 96. Mwanafunzi aliyekwisha kuandikiwa 100 ubaoni atafanya lile tunalolijua sote tuliopita maabara: atapika data.

Dhidi ya tabia hiyo, tukitazame kisa cha mwanafunzi Erasto Mpemba kwa jicho la mbinu, si la ushujaa. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, alihofia kukosa nafasi kwenye friza akaingiza maziwa yangali moto. Aiskrimu yake ikaganda kabla ya ile ya mwenzake aliyetia maziwa yasiyochemshwa. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alijaribu tena kwa bika mbili za maji, ya moto na ya baridi, kisha akamuuliza Denis Osborne, mwanafizikia wa chuo kikuu Dar es Salaam aliyeitembelea shule, kwa nini ya moto hutangulia kuganda.

Osborne hakumpinga. Alirudi chuoni akamwagiza fundi wa maabara apime. Fundi akaripoti kwamba maji ya moto yametangulia kuganda, akaahidi kurudia mpaka apate jibu sahihi! (Ugonjwa wetu wote umo humo.) Vipimo vikaendelea, na mwaka 1969 makala yao ikatoka katika jarida la Physics Education, jina la mwanafunzi likitangulia.

Mwaka 2016 Burridge na Linden wa Uingereza walitia shaka: tofauti ya sentimita moja tu katika kina cha kipimajoto yaweza kuzaa athari hiyo. Kwa mwalimu, pingamizi hilo ni zoezi jingine la bure.

Turudi Mabamba: hapahitajiki friza. Sufuria, jiko la mkaa, kipimajoto kwa kila kundi, na swali: mbona si 100? Wapo watakaolaumu kipimajoto. Wabadilishane na kundi la jirani, waone kama lawama inahama. Wapo watakaoshuku maji; walete ya mvua na ya kisima. Ncha ikigusa kitako cha sufuria, usomaji utapanda, nao wagundue wenyewe. Mwalimu aulize moja tu: umepimaje?

Alama nyingi ziende kwenye jedwali na maelezo yake. Aliyeandika 100.0 mara tatu mfululizo aitwe mbele, achemshe tena.