Sifa za Mfuga Samaki Mchanganyiko

Kwenye meza za samaki wakavu Kariakoo, kambale aliyekunjwa mkia mdomoni na kukaushwa kwa moshi hulala jirani na perege. Mnunuzi huwatenganisha kwa bei. Kuna fundi anayewaweka pamoja wakiwa hai, katika bwawa moja, na huyo ndiye ninayetaka kumsifu.

Perege ana baraka inayogeuka balaa. Huanza kuzaa akiwa na miezi michache tu, kisha hazuiliki. Bwawa hujaa vitoto, chakula hakitoshi, na siku ya kuvua mfugaji huopoa utitiri wa samaki wadogo wasiouzika. Dawa yake ni kambale, lakini dawa ina kipimo. Akitiwa mkubwa mno, atawamaliza hata perege wenyewe. Akitiwa mdogo, perege wakiwa wametangulia kukua, atakula vitoto vinavyoanguliwa na kuwaachia wakubwa nafasi ya kunenepa. Ustadi ni kujua nani atangulie, nani afuate, na kwa idadi gani.

Wenyeji wa Kariakoo wanaielewa kanuni hii. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita hukaliwa na wapangaji wa kazi na nyendo mbalimbali, nao huishi salama ua wao mmoja ukiwa na utaratibu.

Maji nayo yana namna yake ya kusomwa. Baada ya kutia samadi, mfugaji huzamisha mkono taratibu. Kiganja kikipotea machoni maji yanapofika kiwikoni, ukijani umekolea vya kutosha na perege wana malisho. Kikionekana bado, samadi huongezwa. Kikipotea mapema, aache: vijimea vinavyoleta ukijani huo vikizidi humaliza hewa ya majini usiku, na alfajiri perege wataonekana wakitweta juu ya maji.

Baharini ufundi huu umepanuliwa. Kule Makoba, Unguja, watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, akiwemo Dk. Flower Msuya, walijaribu kufuga samaki, kombe na mwani kwa pamoja. Maji yanayotoka kwa samaki yamebeba mabaki na mbolea. Kombe huchuja chembechembe, mwani hufyonza mbolea. Jongoo bahari naye hula masalia yaliyotua mchangani. Visiwa vyenye wakulima wa mwani tangu 1989, kwenye fukwe kama Paje na Jambiani, vina mikono iliyokwisha kuzoea kazi ya namna hii.

Chakula cha samaki ni ghali, na jiji halipungui walaji. Anayepata mazao mawili au matatu kwa chakula kilekile anatulisha bila kuyachafua maji ya jirani. Huyu anastahili vifaranga bora, mkopo wenye masharti nafuu na bwana samaki wa kumtembelea bwawani. Akipata hayo, meza za Kariakoo zitajaa, na bahari itapata nafasi ya kupumua.