Bega kwa Bega au Kisogoni

Anayebuni ndege ya watu wawili hukutana na swali la viti kabla hajachora bawa. Awaketishe bega kwa bega, au mmoja amtazame mwenzake kisogo? Jibu litaamua upana wa bodi, mahali pa tangi la mafuta, mlango ufungukie wapi, na hata mazungumzo yatakayokuwamo humo ndani. Ndiyo maana nikitaka kujua fundi wa ndege alikuwa mtu wa namna gani, naanza na viti. Injini itasubiri.

Chukua mfano wa C. G. Taylor wa Marekani. Ndege aliyoitengeneza na nduguye Gordon mwishoni mwa miaka ya 1920 iliitwa Chummy, jina la kirafiki, na waliopanda waliketi pamoja kama marafiki. Ilikuwa ghali, haikuuzika. William Piper, mfanyabiashara wa mafuta aliyetia fedha zake kwenye kampuni, akataka kitu cha bei nafuu, na mwaka 1930 ikazaliwa Cub ya kwanza: nyembamba, viti viwili kwa mstari. Taylor na Piper hawakupikika chungu kimoja. Mwaka 1935 Taylor akaondoka, akaanzisha Taylorcraft, na ndege aliyoanza nayo huko ilirudisha viti bega kwa bega. Piper akabaki na Cub yake, akaipaka manjano, na kufikia 1947 Cub za aina ya J-3 zilizotoka kiwandani zilikaribia 20,000.

Kuirusha J-3 peke yako, unakaa kiti cha nyuma. Injini na tangi vyote viko mbele, na rubani naye akikaa mbele, pua inaelemewa. Kwa hiyo geji zote ziko mbali nawe, na ukiwa na abiria mwenye mabega mapana, sahau habari za geji. Ya mafuta haimo hata kwenye dashibodi: mbele ya kioo, kwenye kifuniko cha tangi, umechomoza waya ulioungwa na kizibo kinachoelea ndani ya petroli. Waya ukizama, tafuta pa kutua. Mlango uko upande wa kulia, umekatwa vipande viwili, cha juu kinabanwa chini ya bawa na cha chini kinaning'inia, na unaruhusiwa kuruka hivyo hivyo, upepo ukikupiga ubavuni. Ni ufundi wa mtu aliyeondoa kila kisichohitajika akajua wapi pa kukomea.

Husemwa kwamba viti vya mstari vina kasi zaidi, kwa kuwa bodi nyembamba haisumbuani sana na hewa. Ni kweli, ila ni nusu ya hesabu. Taylorcraft BC-65 na J-3 zilitumia injini za Continental zenye nguvu zilezile za farasi 65, na ile pana ndiyo iliyoiacha nyembamba nyuma kwa mbali. Taylor alichagua bawa jingine, akazifunika silinda vizuri, wakati za Cub zilichomoza nje zikipigwa na upepo. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, Jeshi la Marekani likanunua Taylorcraft za kuchungulia adui. Hizo zilikuwa na viti vya mstari. Suala halikuwa kasi. Askari alihitaji kuona kushoto na kulia bila bega la mtu kumziba.

Darasani mambo ni mengine. Mwaka 1917, huko Gosport, Uingereza, Robert Smith-Barry alianza kutumia bomba la kupitishia sauti kati ya viti vya mstari: mwalimu anasema upande huu, mwanafunzi anasikia masikioni upande ule. Mwanafunzi hakuwa na bomba la kujibu. (Nawajua walimu wa hesabu ambao wangelinunua leo.) Cessna 150 yenye chumba kisichofika mita moja kwa upana inawabana wawili mpaka mabega yagusane, lakini mwalimu anaona jicho lililoganda kwenye geji na vidole vilivyokaza usukani kabla kosa halijatokea. Gharama yake ni kwamba mwanafunzi hakai katikati ya ndege. Akikata kona kushoto, pua inaonekana kupanda. Akikata kulia, inaonekana kushuka, na ndege haijafanya lolote kati ya hayo. Inabidi azoee kutoyaamini macho yake.

Kwa kufundisha, basi, nipe bega kwa bega. Kwa kutazama nchi, sikubali. Mwindaji Denys Finch Hatton alipomrusha mwandishi Karen Blixen juu ya Kenya katika Gipsy Moth, mgeni alikaa mbele na dunia yote ikawa yake, rubani nyuma, kila mtu na mawazo yake. Finch Hatton alianguka Voi mwaka 1931. Voi hiyohiyo ndiyo lango la hifadhi ya Tsavo Mashariki, na Tsavo zote mbili kwa pamoja zina zaidi ya kilomita za mraba 20,000. Huko Super Cub, mdogo wa J-3, imefanya doria kwa miaka na miaka. Tembo akiwa kushoto, rubani na askari wa wanyamapori wote wanamwona. Mzoga ukiwa kulia, vilevile. Hakuna anayelazimika kunyoosha shingo juu ya mapaja ya mwenzake wala kuomba ndege igeuzwe.

Richard VanGrunsven wa Oregon, aliyewauzia watu vifaa vya kujijengea ndege wenyewe, alirusha RV-4 yenye viti vya mstari mwaka 1979. Ikasifiwa sana. Kisha akaipanua, ikawa RV-6 ya bega kwa bega, ikapoteza kasi kidogo tu, na wajenzi wakaikimbilia kuliko ile ya kwanza. Fundi mwingine angeuona mjadala umekwisha. Yeye mwaka 1995 alirusha RV-8: viti vya mstari, bodi pana kuliko ya RV-4, ili anayekaa nyuma apate pa kuweka miguu.