Mikado na Vichekesho vya Temeke

Tarehe 14 Machi 1885, katika jumba la Savoy mjini London, ulionyeshwa kwa mara ya kwanza mchezo wa nyimbo na vichekesho uitwao The Mikado, maneno yakiwa ya W. S. Gilbert na muziki wa Arthur Sullivan. Majuma mawili tu kabla yake, serikali ya Ujerumani ilikuwa imekipa chama cha Carl Peters hati ya himaya juu ya sehemu za nchi yetu. Mchezo huo uliendelea hata yakatimia maonyesho 672.

Mandhari ni ya Kijapani, lakini anayechekwa ni Mwingereza. Fundi cherehani Ko-Ko, aliyehukumiwa kifo kwa kosa la kutongoza, anafanywa mkata vichwa mkuu, kwa hoja kwamba hawezi kukata kichwa cha mtu mwingine kabla hajakata chake. Sisi tuliozeeka maofisini twaifahamu hoja ya namna hiyo! Hata hivyo, vazi la kuazima lina mwenyewe. Mwaka 1907, Mwana wa Mfalme Fushimi wa Japani alipozuru Uingereza, mchezo ulipigwa marufuku kwa muda. Mwaka 1938 wasanii weusi wa Chicago waliuhamishia kwenye kisiwa cha bahari ya kusini na kuutia mdundo wao wa swingi, ukapendwa upya.

Ko-Ko ana wimbo wa orodha ya watu ambao wakiondoka hawatakumbukwa, na waigizaji wamezoea kubadili orodha hiyo ili iwaguse wakubwa na waudhi wa wakati wao. Hapo ndipo nilipoikumbuka Temeke. Katika ujana wangu, kundi la Muungano, na baadaye TOT lililoanzishwa mwaka 1992, yalichanganya ngoma, taarabu, sarakasi, maigizo na vichekesho katika usiku mmoja. Kichekesho hakikuandikwa, waigizaji walipatana kisa, maneno wakayapata jukwaani, kwa kumtazama aliyeketi mbele na bia yake. Ubunifu huo Gilbert asingeuruhusu, kwani alikuwa mkali wa kila neno na kila hatua.

Sisemi kwamba vyote vilikuwa vizuri. Mara nyingi mno kicheko kilitafutwa kwa mke kupigwa, au kwa lafudhi ya mtu aliyetoka bara juzi. Naye huyo mtu wa bara alikuwa ukumbini, amelipa kiingilio, kama Mjapani wa Savoy ambaye hakuulizwa. Lakini mwalimu anayewakataza wanafunzi kuvitaja vichekesho darasani, huku akiwafundisha tamthilia ya Shakespeare iliyojaa matusi ya mabaharia, sijui anapima kwa kibaba gani.

Onyesho la kwanza la Mikado lina tarehe, majina ya waigizaji na daftari la muziki. Kichekesho kilichowainua watu vitini Temeke mara nyingi hakina hata jina. Nimeandika viwili ninavyovikumbuka, kimoja bila mwisho wake.