Ulijaza Wapi?

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ulijaza wapi?"

Hivyo ndivyo tulivyosalimiana mimi na fundi wa Uyole, asubuhi moja ya Julai, baridi ya Mbeya imeganda kwenye vioo vya gari. Nilitegemea aulize gari lina nini, maana jibu nilikuwa nalo, tena la watu watatu. Mlinzi wa nyumba ya wageni, dereva wa bodaboda na kijana wa gereji ya jirani walikwisha kukubaliana kwamba pampu ya mafuta imekufa. Kijana alikwisha kutaja hadi bei. Mzee hakuitaka bei wala pampu. Alitaka kujua mafuta.

Nilikuwa nimejaza Karonga, ng'ambo ya mpaka wa Kasumulu, tulikokwenda kuzika. Corolla 110 yangu ilitoka Kyela, jirani na Ziwa Nyasa, mita kama 500 tu juu ya usawa wa bahari, ikapanda Tukuyu penye zaidi ya mita 1,500 bila kulalamika, ikalala Uyole. Asubuhi ikawaka, ikakohoa, ikazima. Mshale wa mafuta, ambao jana ulikuwa juu ya nusu, ukaanguka hadi chini, ukapanda, ukaanguka tena, kama kichwa cha mtu anayesinzia kanisani.

"Karonga," mzee akarudia, akifuta mikono. "Basi huenda gari lako limelewa."

Hakuwa anatania sana. Wamalawi wamekuwa wakichanganya petroli na ethanoli tangu mwaka 1982, kiwanda cha Dwangwa kilipoanza kuigeuza molasi ya miwa kuwa spiriti ya magari. Kiwango kimepanda na kushuka kadiri spiriti inavyopatikana, kutoka sehemu kumi kwa mia hadi ishirini. Si uchakachuaji huo, ni sera ya nchi, na kwa nchi isiyo na bahari ni sera yenye akili. Ila magari yetu ni mitumba ya Japani, na huko sheria ya mwaka 2003 iliruhusu ethanoli isiyozidi sehemu tatu kwa mia. Corolla iliyoundwa kabla ya hapo haikufundishwa kunywa.

Sisi wa upande huu tumezoea kuogopa kitu kingine, yaani mafuta ya taa. Mwaka 2010, neno kuchakachua lilipotoka vituo vya mafuta likaingia kwenye siasa, mamlaka ya udhibiti wa nishati, EWURA, ilianza kutia vinasaba kwenye mafuta, na mwaka uliofuata kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili faida ya kuchanganya ife. Mzee anasema swali lake lilizaliwa miaka hiyo, na biashara ilipotulia yeye hakuliacha. Nadhani alifanya vizuri. Mafuta ya taa na spiriti huugua tofauti: ya kwanza hulifanya gari ligonge na lichoke mlimani, ya pili hushuka chini ya tenki na kusubiri.

Alianza na masikio. Chini ya boneti kuna kiboksi cheusi chenye kifuniko. Ndani yake akachomeka kipande cha waya kati ya matundu mawili yaliyoandikwa FP na +B, akaniambia niwashe swichi bila kupiga stata. Kisha akaenda kuinamisha kichwa juu ya siti ya nyuma. Katika Corolla nyingi za enzi hii pampu haingurumi kwa swichi peke yake, husubiri stata izungushe injini. Asiyejua hilo huwasha swichi, akikosa mlio anatangaza msiba. Naamini pampu nyingi nzima zimezikwa hivyo, katika Mwanjelwa na kwingineko. Ya kwangu ililia, nzii, ikakonda kidogo, ikarudi.

"Inaimba," alisema, "ila ina kitu kooni."

Akafunga geji ya presha. Injini ile hutaka psi 38 hadi 44. Tulipata chini ya 30, mshale ukitetemeka. Hapo kijana wa jirani, ambaye alikuwa ameshasogea, akafungua kinywa. Mzee akamwinulia kidole tu. Alipima umeme kwenye plagi ya pampu akaukuta volti 12 kamili, akapima ethi, nayo nzuri. Ndipo akang'oa siti, akafungua skrubu za kifuniko, akapitisha mpira mwembamba hadi sakafu ya tenki na kunyonya kwa bomba la sindano kubwa, si kwa mdomo kama nilivyozoea kuona.

Alijaza chupa tupu ya maji, akaiweka juani juu ya ukuta. Tukangoja. Nakiri kwamba sikuwahi kungoja kwa raha kama pale. Taratibu petroli ikajitenga: juu rangi ya chai ya rangi, chini tabaka la vidole viwili, jeupe lenye ukungu.

"Maji," nikasema.

"Watu wote husema maji." Akachukua kijiko kimoja cha lile la chini, akaenda nalo mbali nyuma ya gereji, akalimimina kwenye kifuniko cha kopo na kuwasha kiberiti. Likawaka, moto wa bluu usioonekana vizuri kwenye jua. "Maji hayawaki. Hii inawaka kama gongo."

Siri yote iko hapo. Ethanoli hupenda maji kuliko inavyopenda petroli. Petroli yenye sehemu kumi za ethanoli, kwenye nyuzi 15, hubeba kiasi cha nusu sehemu kwa mia ya maji bila kuonekana. Kwa tenki la lita 40, ni kama bilauri moja. Maji hayakosi njia: unyevu wa hewani, kifuniko kilicholegea, tenki la kituo lililoingiliwa na mvua. Joto likishuka, uwezo wa kubeba nao hushuka, kisha ethanoli humkumbatia mgeni wake na wote wawili huzama. Joto la Kyela lilinificha. Usiku wa Uyole ukanifichua. Na pampu, maskini, mdomo wake uko sakafuni.

Spiriti haikuishia kuzama. Ilikuwa imeosha uchafu wa miaka ishirini na kitu kwenye kuta za tenki na kuupeleka kwenye chujio la wavu chini ya pampu. Ndicho kilichokuwa kooni.

Ukabaki ule mshale. Pampu na boya la geji hukaa kwenye fremu moja, wapangaji wa chumba kimoja, na mafundi wengi wakikuta wote wawili wanalalamika humfukuza mmoja na kuamini wamemaliza. Mzee alichomoa waya wa geji, mshale ukalala chini. Akauunganisha na bodi kupitia kitaa kidogo cha dashibodi, asiiunguze geji, nao mshale ukapanda kuelekea juu. Kwa hiyo dashibodi nzima, waya mzima. Akalishika boya mkononi, akaliinua polepole huku tesa ikisoma: 110, 90, 70, kimya, 40, kimya, 4. Pale penye kimya, ulimi wa shaba ulikuwa unapita juu ya doa jeusi. Akatoa kifutio cha penseli mfukoni, kile cha watoto wa shule, akasugua kama anayefuta hesabu iliyokosewa. Akainua boya tena. Namba zikashuka bila kuruka hata moja.

Nilipofika nyumbani Iringa nilimsimulia fundi wangu wa Ipogolo. Akacheka, akasema petroli hiyo ni ulanzi, ile pombe ya mianzi. Ukigemwa leo ni mtogwa, mtamu, hata mtoto anakunywa. Ukiuacha, kesho umekuwa mkangafu na haukuulizi ruhusa. Naye ana mafunzo yake, ya upande wa mlima wa Kitonga. Wengi huletwa kwake wakivutwa, wakiulaumu mlima. Yeye hutazama kwanza kama taa ya mafuta inawaka. Pampu hupozwa na petroli inayoizunguka. Anayetembea na mafuta ya elfu kumi kila siku huichemsha bila kujua, na gari likiinama kwenye ule mpando mafuta kidogo yaliyobaki hukimbilia nyuma, pampu inavuta hewa. "Kitonga haiui pampu," huniambia. "Inaisema tu."

Siku hizi kuna mashine za kusoma kompyuta ya gari, na sizidharau. Zinaokoa saa nyingi. Ila hakuna niliyoiona ikiuliza gari lilitoka wapi, wala kuweka chupa juani na kunyamaza. Kunyamaza kule ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo isiyolipwa. Mzee alimwaga tenki, akalisafisha, akabadilisha chujio la mbele, akanidai elfu arobaini pamoja na chujio. Kijana wa jirani alitaka karibu mara nne ya hapo kwa pampu iliyotumika. Alisimama hadi mwisho, na alipoondoka alikuwa ameomba ile chupa.

Pampu ile ile imenipandisha Kitonga wiki iliyopita, tenki likiwa zaidi ya nusu. Nawe ukienda kwa fundi, iache nyumbani ile habari ya kwamba pampu imekufa. Mpelekee risiti ya kituo ulikojaza.