Sir George Kahama na swali la nani anaendesha

Ukiuliza habari za Liganga na Mchuchuma mjini Njombe, au Makambako pale barabara ya Songea inapoachana na ile ya Tunduma, utajibiwa kwa hesabu: Wachina asilimia 80, sisi 20. Ni kweli ndivyo Shirika la Taifa la Maendeleo, NDC, lilivyokubaliana na Sichuan Hongda mwaka 2011, katika ubia wa chuma na makaa ya mawe wa Ludewa uliotajwa kuwa wa dola bilioni 3. Tangu hapo mabishano yetu yamekwama kwenye asilimia. Naona tunabishania kipengele chepesi kuliko vyote. Ushahidi uko katika historia ya NDC yenyewe, na katika kazi za mtu aliyeliongoza lilipokuwa linatwaa hisa za viwanda: Clement George Kahama.

Kahama alizaliwa Karagwe mwaka 1929. Alisomea mambo ya ushirika Loughborough, Uingereza, akarudi kuwa meneja mkuu wa chama kikuu cha ushirika cha kahawa Bukoba, BNCU. Kazi hiyo ndiyo iliyomfinyanga. Meneja wa chama kikuu hununua kahawa kwa maelfu ya wakulima wadogo, huiuza kwa watu wasiomjua mkulima hata mmoja, na katikati hapo kuna makato: usafiri, magunia, ukoboaji, ushuru, mishahara. Anayesimamia makato ndiye anayeamua mkulima apate nini, hata kama katiba ya chama inasema mali ni ya wanachama.

Siasa ilimchukua haraka. Aliingia baraza la kutunga sheria, akawa waziri kabla ya Uhuru, akashika Mambo ya Ndani, kisha Biashara na Viwanda. (Ile “Sir” ilitoka Vatikani, si London, ingawa wengi hadi leo humdhania ni wa Malkia.) Akapelekwa ubalozi Ujerumani Magharibi, na mwaka 1966 akakabidhiwa NDC.

Mwaka mmoja baadaye likaja Azimio la Arusha. Benki zilichukuliwa zote. Kwa viwanda kadhaa, Serikali ilitaka hisa za kutosha kutawala, si kampuni nzima: bia, sigara, viatu vya Bata, makopo ya Metal Box, saruji, na Tanganyika Extract, kampuni ya kukamua pareto. Hii ya mwisho iliwagusa watu wa huku Njombe moja kwa moja. Pareto ililimwa kwenye baridi ya Njombe na Makete, ikasafirishwa hadi Arusha kukamuliwa, kwa kuwa kiwanda cha Mafinga kilikuwa hakijajengwa. Kuanzia 1967 mkulima wa Njombe angeweza kusema kiwanda kile ni cha taifa lake.

Sasa tazama namna kazi ilivyofanyika. NDC ilipata hisa, lakini haikuwa na watu. Wahandisi na wahasibu Watanzania walikuwa wa kuhesabika, na mitambo ilikuwa inazunguka; kuisimamisha kungekuwa hasara kwa kila mtu. Njia iliyotumika ilikuwa mkataba wa menejimenti: mwenye kampuni wa zamani anabaki mbia mdogo, kisha analipwa ada ili aendelee kuendesha kile alichokuwa akikiendesha jana. Kwenye vitabu Serikali ndiyo mwenye mali. Kiwandani, meneja ni yuleyule.

Ubaya wa mkataba wa namna hii haumo katika kuwapo kwake, umo katika vifungu vyake. Ada ikihesabiwa kwa mauzo, mwendeshaji hulipwa hata mwaka wa hasara. Akiwa ndiye mwagizaji wa mashine na vipuri, anaweza kununua kwa kampuni mama yake kwa bei anayoipanga mwenyewe. Faida inakuwa imeshatoka kabla haijaitwa faida, na mwenye hisa nyingi anagawiwa kilichobaki. Bodi yenye Watanzania wengi haisaidii kitu ikiwa inaletewa mahesabu yaliyokwisha kupikwa. Issa Shivji, akiwa bado mwanafunzi wa chuo kikuu pale Mlimani, Dar es Salaam, aliyaandika haya mwaka 1970 kwa ukali mkubwa. Mimi nampa Kahama unafuu kidogo kuliko Shivji: viwanda havikufungwa, na muda ulipatikana wa kusomesha watu. Lakini mtu aliyetoka kwenye makato ya kahawa hakuwa mgeni wa mchezo huu, na hapo unafuu wangu unaishia.

NDC ikanenepa mno, ikaanza kukatwa vipande: kilimo kikaenda NAFCO, utalii kwenye shirika lake, madini STAMICO. Kahama akahamia Dodoma, kwenye Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, iliyoundwa 1973. Huko pia aliyeamua ni mwenye kalamu. CDA ilishika ardhi ya mji mkuu, wananchi wakawa wapangaji wake. Lalamiko la hati za miaka 33 badala ya 99 liliishi hadi Rais Magufuli alipoivunja mamlaka hiyo Mei 2017. Kahama alikuwa amefariki miezi miwili kabla.

Baadaye alikuwa balozi China kuanzia 1984, na mwaka 1990 akaongoza Kituo cha Uwekezaji kilichoanzishwa chini ya sheria mpya, akiwatafuta wawekezaji wa aina ileile ambayo hisa zake zilitwaliwa 1967. Wapo waliomwona kigeugeu. Kwa maoni yangu alikuwa anafanya kazi ileile ya kumweka mbia mezani, ila safari hii bila nguvu ya kumlazimisha.

Turudi Ludewa. Mradi ulikwama kwenye vivutio vya kodi na bei ya umeme, na sheria za mali asili za 2017 zikaongeza mengine ya kujadili. Fidia za wananchi zilianza kulipwa 2023. Iwe mbia ni yule wa zamani au mwingine, mpango ulivyoandikwa ulikuwa na mgodi wa makaa, kituo cha umeme cha megawati 600 na kiwanda cha chuma chini ya ubia mmoja. Makaa ya Mchuchuma yakiuzwa kwa kituo, na umeme wa kituo ukiuzwa kwa kiwanda, bei zote mbili zinapangwa ndani ya nyumba moja. Asilimia 20 ya faida, au hata 51, itategemea nani anaandika ankara hizo. Halmashauri za Njombe, zinazosubiri ushuru wake, zina sababu ya kutaka kukiona kifungu hicho kabla ya sahihi kuwekwa.