Ufundi wa Kusogea

Kamera waliyopewa watoto wa Imbabazi, Gisenyi, Rwanda, mwaka 2000, haikuwa na cha kuringia. Ilikuwa ya plastiki, ya kutumia mara moja: lenzi isiyorekebishika, flashi ndogo, picha chache. Aliyewapa ni David Jiranek, mpiga picha kutoka Marekani. Kituo chao cha yatima kilianzishwa na Rosamond Carr mwezi Desemba 1994, baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi.

Kamera ya namna hiyo ni mwalimu mkali. Haivuti kilicho mbali, hivyo anayetaka uso huufuata kwa miguu. Akisogea mno, uso unaingia ukungu. Gizani haioni mbali, hivyo lazima ajue jua liko wapi. Haina kioo cha kutazamia picha iliyopigwa wala njia ya kuifuta. Picha ikipigwa imepigwa. Filamu ikiisha, kuna kungoja isafishwe.

Walichopata kinastahili kutazamwa polepole. Picha zao zilibandikwa kwenye kuta za kituo, na mwaka 2001 zikaonyeshwa Kigali. Katika picha hizo kamera iko kwenye kimo cha mtoto. Anayepigwa picha hajikazi, kwa kuwa anayemtazama ni mwenzake wa kula naye na kulala naye.

Kabla ya hapo, Julai 1994, mji huohuo wa Gisenyi ulipitiwa na mamia ya maelfu ya wakimbizi wakielekea Goma, ng'ambo ya mpaka, na dunia iliwaona kupitia wapiga picha waliotoka mbali. Picha zile nazo zilikuwa za kweli, ila nyingi zilibeba nyuso bila majina.

Leo hata ukweli wa picha una shaka: akili unde hutengeneza uso wa mtu asiyepata kuzaliwa. Viwanda vimejibu: mwaka 2023 Leica ilitoa M11-P, kamera inayotia picha saini ya kidijitali papo hapo, ili ijulikane ilikotoka na kama imeguswa. Ni kazi njema. Lakini saini hiyo hushuhudia faili. Ushahidi mwingine hutoka kwa mtu: nilikuwapo, namjua huyu, aliniruhusu, na nikiulizwa nitajibu.

Ndiyo maana nawaheshimu watoto wale kama mafundi. Simu ya leo inaizidi mbali kamera yao, na ufundi wao unaifaa vilevile. Acha kuvuta kwa vidole, msogelee mtu. Muulize jina. Ngoja mwanga. Tunza picha ya asili kabla ya kuigusa, na uandike tarehe na mahali. Picha iliyopita njia hiyo ina wa kuitetea.