Kasongo walianza na vituo

Anayetaka kupeleka saruji ya Kabimba, karibu na Kalemie, hadi Nyangwe, wilayani Kasongo, mashariki mwa Kongo, ana reli ya kupitia Kabalo na Kongolo mpaka Samba. Hapo mifuko inashushwa, inapakiwa kwenye lori au baiskeli, kisha inavushwa Lualaba, kwa kuwa Nyangwe iko ng'ambo ya kulia ya mto. Kila anayeigusa njiani anataka chake, na ikinyeshewa huganda kabla ya kazi. Mkadiriaji wa hospitali akipiga hesabu kwa bei za Kinshasa, fedha zitamwishia kabla ya paa.

Lakini saruji ni sehemu tu ya gharama. Gharama kubwa zaidi hutokana na idadi ya vitanda, na idadi hiyo mara nyingi hupangwa kwa kukisia.

Kasongo hawakukisia. Mwaka 1971 Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp, Ubelgiji, ilianza mradi wake pale. Hospitali ilikuwapo tayari. Nguvu zikaelekezwa kwenye vituo vya afya vijijini, vikiongozwa na wauguzi. Mgonjwa aanzie kituoni. Hospitali ibaki kwa waliotumwa na kwa dharura.

Mwaka 1988 watafiti Van Lerberghe na Pangu walichapisha uchambuzi wa rekodi za kulazwa, wakilinganisha sehemu zenye kituo na zisizo nacho. Penye kituo, waliolazwa kwa maradhi ya kuzuilika au ya kutibika mapema walipungua. Kwa mjenzi, matokeo hayo ni fedha taslimu: kitanda kisichohitajika hakidai ukuta wala godoro, na baadaye hakidai muuguzi wa zamu ya usiku wala mafuta ya jenereta. Gharama hizo za baadaye, ambazo wafadhili hawapendi kuzizungumzia, ndizo hufunga wodi nyingi.

Zaire nzima, ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ilikuja kugawanywa katika kanda za afya 306 kwa mantiki hiyohiyo. Leo wilaya za Kasongo na Kabambare zina kanda za Kasongo, Kunda, Samba, Kabambare, Lusangi na Saramabila. Programu ya serikali ya wilaya 145 nayo ilipanga vituo vya afya 788 nchini kote, na kwa hilo naiunga mkono.

Ila ramani ya Kinshasa isinakiliwe Nyangwe kama ilivyo. Matofali yachomwe karibu na kiwanja, kuta zijengwe kwa udongo mzuri, na saruji itengwe kwa msingi, linta, mkanda wa juu na sakafu ya chumba cha kujifungulia, ambayo lazima ioshwe kila siku.

Wakuu wa kanda, kabla ya kumwita mkandarasi, fungueni daftari la waliolazwa mwaka jana. Hesabuni wangapi wangetibiwa kijijini, ndipo mchore wodi.